Redio Yako Inapohama Masafa: Uvumi na Ukweli

Kituo cha redio kinaponyamaza ghafla, au kinapoanza kupiga muziki mtupu, huzuka uvumi mitaani: kimeuzwa, kimefungwa, kimehamia masafa mengine. Tunawashauri wasikilizaji wasiharakishe kuamini. Huenda ni hitilafu ya mtambo au umeme umekatika.

Redio za FM hurusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108. Nafasi hiyo ni finyu. Vituo jirani vikitumia masafa yaleyale, mawimbi huingiliana. Ndiyo maana hakuna kituo kinachojichagulia masafa. Hupangiwa na Mamlaka. Aidha, kituo kimoja huweza kusikika kwa masafa tofauti Dodoma na Mwanza, bila kuwa kimehama.

Kubadili vipindi ni jambo jingine. Kituo hujipangia ratiba yake, lakini ndani ya masharti ya leseni.

Ikiwa umelipia tangazo la biashara au la msiba na halikusikika, tunza stakabadhi, kisha ukiandikie kituo chenyewe kwanza. Usiporidhika na majibu, wasilisha malalamiko yako kwetu pamoja na nakala ya barua hiyo. Uvumi haurejeshi fedha. Stakabadhi ndiyo ushahidi wako.