Pikapu ya Shule Haikulemewa na Uzee

Kila mwanafunzi wa Kenya aliyewahi kukalia dawati la kidato cha kwanza ameandika, angalau mara moja, insha inayomalizikia kwa maneno "usipoziba ufa utajenga ukuta". Sisi walimu huisahihisha, tukamtuza mtoto alama za matumizi bora ya methali, kisha tukatoka nje na kupanda gari la shule ambalo rejeta yake haijachunguzwa tangu muhula uliopita. Ni juu ya gari hilo ninapotaka kuandika leo.

Wala sisemi kwa mafumbo. Ni pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka wa 1994, injini yake ni ya dizeli, lita 2.8, isiyo na turbo. Ni mali ya shule moja ya upili iliyoko katika Bonde la Kerio, ambako nilifundisha fizikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Imebeba mahindi, maharagwe, kuni, saruji, karatasi za mitihani, viti vya harusi za walimu na, mara mbili, majeneza. Wanafunzi huiita Mkweche, lakini kwa mapenzi.

Mwaka wa 2021 bodi ya shule iliazimia kuiboresha. Wazazi wakachangishwa, nao, ijapokuwa hali ilikuwa ngumu, wakatoa. Pikapu ikapakwa rangi mpya, ikavishwa magurudumu mapana na marefu kuliko yale ya kiwandani, ikafungiwa taa nne kubwa juu ya paa na chuma kinene mbele, na ndani mkawekwa redio ya kisasa. Siku iliporudi shuleni tulijipanga uwanjani na kuipigia makofi. Nami nilipiga, sijitoi lawamani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini asubuhi ile hapana aliyetaka kukumbushwa.

Novemba ya mwaka uliofuata, usiku, kijana wa kidato cha tatu alishikwa na maumivu makali upande wa kulia wa tumbo. Muuguzi wetu akashuku kidole tumbo, akaamuru apelekwe Iten bila kukawia. Wanaoijua barabara inayotoka Biretwo kupitia Tambach watanielewa: unapanda ukingo wa bonde takriban mita elfu moja, kona juu ya kona, bila mahali pa kupumua. Hata Tambach hatukufika. Dereva alipunguza mwendo, akatazama mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, maji yamechemka." Mvuke ukafunika kioo. Tulisimama gizani, taa nne za paa zikimulika mwamba mtupu, na kijana akilia nyuma yangu.

Tulisitiriwa na lori la maembe lililokuwa likielekea Eldoret. Kijana alipasuliwa usiku uleule akapona. Daktari hakutuficha kwamba saa moja zaidi ingeweza kuleta maneno mengine.

Asubuhi makanika alifika na baiskeli yake, akafungua kifuniko cha rejeta, akanionyesha. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Hicho ndicho kilichotulaza barabarani: kifuniko kinachouzwa kwa mamia machache ya shilingi, katika gari lililokwisha kuvishwa mapambo ya maelfu mengi.

Kwa nini kifuniko kiwe na uzito huo? Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi yakiwa ufuoni mwa bahari, na kwamba kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema. Kule Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, yanachemka yapatapo nyuzi 92. Injini ya aina hii, ikiwa na afya njema, hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi. Kazi ya kifuniko ni kubana mvuke ndani ili shinikizo lipande na maji yaweze kustahimili takriban nyuzi 20 zaidi kabla ya kuchemka. Kikivuja, nafasi hiyo hutoweka. Mlima unapopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka, na wakati huohuo injini ndiyo inatoa jasho jingi zaidi. Mambo hayo mawili hukutana mahali fulani njiani. Kwetu yalikutana chini ya Tambach.

Mada hiyo nimeifundisha miaka na mikaka. Nimechora sufuria ya presha ubaoni mara zisizohesabika. Kamwe sikuwahi kuwatoa wanafunzi wangu darasani, hatua arobaini tu, nikawafungulia boneti.

Makanika hakuishia hapo. Akaniuliza iwapo tulijua kwamba thamostati haimo. Hatukujua. Fundi fulani wa zamani aliing'oa akitupa sababu ile inayosikika kila pembe ya nchi, kwamba vifaa hivyo ni vya Wazungu wa barafu na huku kwetu ni joto. Ni kosa kubwa. Thamostati ni mlango unaofungwa mpaka injini ipate moto wake, kisha unafunguka. Ukiing'oa, injini ya dizeli huendeshwa ikiwa baridi kila asubuhi, mafuta hayaungui sawasawa, silinda zinalika upesi, na moshi mweupe unazidi. Wala haikuokoi mlimani, kama tulivyojionea.

Kisha yale magurudumu tuliyoyapigia makofi. Hapa naomba walimu wa hisabati waazime kalamu. Gurudumu la awali lilikuwa na kipenyo cha inchi 28. Jipya lina inchi 31. Gawanya: utapata 1.107. Kila mzunguko sasa unalisukuma gari mbali zaidi kwa karibu asilimia 11, jambo linaloonekana kuwa faida, kumbe nguvu ya kusukuma imepungua kwa takriban kiasi hichohicho, kana kwamba mtu ameondoa sehemu ya gia ya kwanza. Breki nazo zinapaswa kushika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Na lau mita ya mwendo ingekuwa hai, ingeonyesha kilomita 80 kwa saa ilhali gari linakwenda karibu 89. Yetu ilikufa zamani, waya wake umekatika, nayo hesabu ya kilomita ikafa pamoja nayo. Jambo hili la mwisho tutalirudia.

Nimekwisha kusikia jibu la baadhi ya wasomaji: dawa ya udhaifu ni kufunga turbo, au kumwita fundi "afungue pampu". Tuanze na pampu, maana ndiyo tamaa iliyo rahisi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepata hataza yake mwaka wa 1893 na kuonyesha injini iliyofanya kazi barabara mwaka wa 1897, alitegemea jambo moja: hewa ikibanwa sana hupata moto. Katika injini yetu hewa hubanwa zaidi ya mara ishirini, joto lake likapita nyuzi 500, na dizeli inaporushwa ndani huwaka yenyewe. Basi chakula ni dizeli, lakini pumzi ni hewa. Kule Iten shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la Mombasa. Ukiongeza dizeli mahali ambapo hewa imepungua, umemlisha mtu aliyezibwa pua. Gari litapata nguvu kidogo, kweli, lakini nyuma yake kutatoka wingu jeusi, na joto la moshi litapanda hadi lipasue kichwa cha injini, kile ambacho mafundi hukiita silinda hedi.

Wingu hilo si suala la sura tu. Mwezi wa Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Nasi huliacha gari lingurume mbele ya darasa dakika ishirini huku dereva akisubiri barua ya mwalimu mkuu!

Turbo ina hoja yake, sitaikataa. Hurudisha ile pumzi ambayo mwinuko umeinyima injini, na katika nyanda za juu faida yake huonekana kuliko pwani. Hata hivyo injini iliyoundwa bila turbo haikuandaliwa kubeba joto hilo. Anayetaka kuifunga hana budi kwanza awe na rejeta safi, nozeli zilizopimwa, mafuta ya injini yanayobadilishwa kwa wakati, na kipimo cha joto la moshi mbele ya macho ya dereva. Mwenye haya yote atagundua, yamkini kwa mshangao, kwamba pikapu yake imekwisha kupata nguvu na turbo si ya haraka tena. Uboreshaji ninaoupendekeza mimi ni ule unaompa dereva macho: kipimo cha joto kinachosema kweli, king'ora cha kuonya maji yakipungua, chujio la dizeli lenye kikombe cha kuonyesha maji yaliyojitenga chini.

Kikombe hicho ningekinunua kabla ya taa yoyote ya paa. Katika gari hili pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikiingia maji inapata kutu, na ikiingia mafuta ya taa inasagika. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli ulikithiri nchini hata serikali, mwezi wa Septemba 2018, ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa, ili kuwaondolea walaghai faida. Gari la kale haliwezi kusoma sheria. Linahitaji mtu wa kukifungulia kikombe kile kila juma na kuyamwaga maji.

Nitaje pia breki, kwa kuwa anayepanda hana budi kushuka. Injini ya petroli hutengeneza yenyewe ule mvuto wa hewa unaosaidia mguu wa dereva kwenye breki. Dizeli haifanyi hivyo. Hutegemea pampu ndogo, ambayo katika gari letu imefungwa nyuma ya altaneta, na bomba la mpira linalotoka hapo. Bomba likipasuka, breki hugeuka ngumu kama jiwe ghafla, kwenye kona. Letu lilikuwa limefungwa kwa utepe wa umeme.

Wapo wanaosema mkweche uuzwe, tununue jipya. Wanasahau bei. Hata gari lililotumika haliwezi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo lile la bei nafuu wanaloliota halipo bandarini. Nakubali kwamba siku ipo ambapo ustahimilivu huwa ujinga: chesi ikioza kwa kutu mpaka bisibisi inapenya, gari hilo lisibebe mtoto wa mtu tena. Yetu tuliigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, ikalia vizuri.

Tangu usiku ule, wanafunzi sita wa kidato cha tatu hupewa zamu kila muhula. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulituachia karakana ambazo kufuli zake zimeshika kutu, na mtaala wa umilisi uliofuata nao unahubiri kujifunza kwa kutenda. Vijana hawa hawakungoja waraka. Alfajiri, injini ikiwa baridi, wanapima maji, mafuta ya injini na ya breki, wanatazama mikanda, wanaandika kwenye daftari na kutia sahihi. Mara ya kwanza waliniambia kwa hofu kwamba mafuta ya injini yamekuwa meusi siku mbili tu baada ya kubadilishwa. Niliwaeleza kuwa kwa dizeli hiyo ni kawaida, masizi yanashikwa. La kuogopwa ni yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia.

Ni wao, si mimi, waliouliza juu ya mkanda wa taimingi. Mkanda huo wa mpira ndio unaooanisha pistoni na vali. Kwa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni na injini ikafa papo hapo. Ulibadilishwa lini? Stakabadhi ilipatikana, lakini mita ya kilomita, kama nilivyosema, ilikuwa imekufa. Msichana mmoja akaomba ruhusa ya kuingia katika afisi ya mhasibu. Wakajumlisha vocha zote za dizeli tangu tarehe ya stakabadhi ile, wakapata zaidi ya lita elfu kumi na moja. Wakapima wenyewe ni kilomita ngapi pikapu inakwenda kwa lita moja katika barabara zetu, wakapata tisa. Jibu unaweza kulikokotoa mwenyewe, msomaji.

Karatasi yao ya hesabu imo katika ajenda ya mkutano wa bodi wa mwisho wa mwezi huu. Imeorodheshwa ya saba. Ya sita ni ombi la kununua taa mpya ya paa, kwa kuwa moja kati ya zile nne imeungua.