Boksiti ya Magamba: Tuhesabu Kabla ya Kufurahi

Juu ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, ipo ardhi nyekundu ya Magamba yenye boksiti, mawe yatoayo alumini. Kila zivumapo habari kwamba kampuni ndogo ya machimbo itashirikiana na kiwanda, watu mijini huhesabu mamilioni, na wengine huwa radhi kutoa akiba ya watoto wanunue hisa. Yafaa tuhesabu polepole.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuyeyusha alumini yenyewe. Tani 4 au 5 za boksiti hutoa tani 1 tu, nayo hula zaidi ya uniti 13,000 za umeme. Huo si mzigo wa kampuni ndogo. Ya pili ni kutengeneza shabu ya kusafishia maji ya bomba, kazi inayohitaji asidi ya salfa. Ya tatu, iliyo nyepesi, ni kuviuzia viwanda vya saruji, ambavyo huongeza boksiti pale malighafi yao inapopungukiwa alumina. Mkoani Tanga kipo kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza uzalishaji mwaka 1980.

Tuchukulie mfano tu, wala si bei ya soko. Kiwanda kinaahidi kununua tani 1,000 kwa mwezi, kila tani shilingi 70,000. Mapato ni milioni 70, na hapo ndipo wengi huishia. Lakini lori sharti literemke kona za Soni hadi Mombo, kisha lishike njia ya Tanga. Nauli ikiwa 40,000, na uchimbaji, mishahara na mrabaha 25,000, kila tani inabakiza 5,000: jumla milioni 5. Nauli ikipanda kwa 5,000 tu, faida yote imekwisha.

Tena hatujahesabu gharama ya kufukia mashimo. Msitu wa Magamba hulinda vyanzo vya maji ya wakulima wa mboga, zile zile tununuazo sokoni.

Basi kabla ya kutoa fedha, tuulize: Mkataba umetiwa saini, au ni mazungumzo? Kiwanda kimefungwa kununua tani ngapi? Nauli ni ya nani? Asiye na majibu hayo anauza matumaini. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.