Pensheni ya Mzee Inahitaji Mikono
Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au alivua samaki maisha yake yote. Kenya ikafuata mwaka 2018, kwa shilingi zake 2,000. Wapo wanaohofu kwamba fedha hizo zitawafanya watoto wawatupe wazazi. Sikubaliani nao: mzee mwenye nauli ya kwendea kliniki ya presha humpunguzia mwanawe mzigo, na hapo upendo haupungui. Kinachokosekana ni mikono. Aliyepooza anahitaji kugeuzwa, kuogeshwa, kulishwa, usiku na mchana, na kazi hiyo humwangukia binti au mkaza mwana asiyelipwa, aliyeacha genge lake. Serikali zimlipe posho huyo naye, na familia zipange zamu kabla mzee hajaanguka.