Maswali 19 ya Chumba cha Upasuaji

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wanaume wawili wenye jina la kwanza moja waliingizwa kupasuliwa. Aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa baadaye alifariki.

Makosa ya aina hii hutokea hata mikononi mwa madaktari mahiri. Inatosha kila mmoja adhani mwenzake ameshahakikisha.

Miezi hiyohiyo, mamia ya kilomita kutoka Muhimbili, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa imeingia kwenye jaribio la Shirika la Afya Duniani (WHO) lililoongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande wa Marekani. Hospitali zilikuwa nane tu duniani, zikiwemo za London, Toronto, New Delhi na Manila. Kilichojaribiwa hakikuwa mashine wala dawa mpya, bali karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.

Mengine yanaonekana ya kitoto. Mgonjwa anathibitisha yeye ni nani, anapasuliwa nini, upande gani. Je, kipimo cha oksijeni kidoleni kinafanya kazi? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Mwishoni muuguzi anahesabu sindano, vifaa na vitambaa vya kufyonzea damu, maana kitambaa kikisahauliwa tumboni kinaweza kumrudisha mgonjwa kwenye kisu.

Lililo gumu kuliko yote, pengine, ni kila mtu kutaja jina lake na kazi yake. Kwetu daktari bingwa haambiwi "subiri kwanza" na nesi aliyeajiriwa juzi. Lakini nesi aliyekwisha kusema mbele ya wote, hata kama ni jina lake tu, huona wepesi kusema tena anapoona jambo haliko sawa.

Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya karatasi hiyo na 3,955 baada yake. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Dunia ikaipokea kwa shangwe. Kisha mwaka 2014 watafiti wakapima hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako kuripoti hadharani matumizi ya karatasi hiyo kulikuwa kumefanywa sharti, wakakuta vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Hospitali zilikuwa zimeripoti kuitumia karibu katika kila upasuaji. Hapo ndipo penye mtego: alama ya vema huonyesha kwamba fomu imejazwa, haionyeshi kama swali liliulizwa. Na mwanzoni mwa 2018, orodha hiyo ikikaribia kutimiza miaka kumi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi lilifunguliwa fuvu la mgonjwa asiye sahihi.

Tena chumba cha upasuaji ni nusu tu ya habari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa 11,422 kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na wenye afya nzuri kuliko wagonjwa wa kwingineko. Karibu vifo vyote, asilimia 94, vilitokea baada ya siku ya upasuaji, vingi vikiwa wodini.

Watafiti walijaribu dawa iliyoonekana dhahiri: walio hatarini wapimwe mara nyingi zaidi, vitanda vyao viwe mbele ya macho ya wauguzi, ndugu waruhusiwe kukaa nao. Majibu yalitoka mwaka 2021. Vifo havikupungua, ingawa mpango wenyewe ulitekelezwa vizuri.