Mitishamba na msongo wa mawazo: Yafahamu haya kabla ya kumeza

KATIKA vituo vya matatu, masokoni na hata ndani ya maduka makubwa ya mijini, si ajabu kumkuta muuzaji akinadi unga, majani ya chai au tembe za mitishamba anazodai kuwa huondoa uchovu, huleta usingizi na kuutuliza moyo ulioelemewa na mawazo.

Wanunuzi hawakosi. Miongoni mwao huwa mzazi anayehangaishwa na karo, mfanyakazi ambaye mshahara wake huishia katika kulipa mikopo, na mkulima anayetazama mawingu yakipita bila kudondosha tone.

Baadhi ya wanunuzi hao tayari wanatumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Hao ndio wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu mmea unaotuliza mawazo unaweza pia kuivuruga dawa inayowaweka hai.

Ili kuelewa hatari hiyo, ni muhimu kwanza kufahamu msongo wa mawazo unavyoudhuru mwili.

Mnamo 1936, mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Kanada, alichapisha ripoti fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amegundua kwamba panya waliopitishwa katika mateso ya aina mbalimbali, kama vile baridi kali au majeraha, walipata mabadiliko yanayofanana. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, nazo tezi za kinga ya mwili zikasinyaa.

Tezi hizo za juu ya figo ndizo hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Mtu anapokutana na hatari, adrenalini huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, huku kortisoli ikiongeza sukari katika damu ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia. Hatari ikiisha, mwili hurejea katika hali yake ya kawaida.

Tatizo huzuka pale hatari inapokosa kwisha. Deni halikimbiwi kama anavyokimbiwa nyoka, wala hofu ya kufutwa kazi haimalizwi kwa kurusha ngumi. Mwili hubaki katika hali ya tahadhari kwa miezi au hata miaka. Usingizi hupungua, shinikizo la damu hupanda, sukari huwa vigumu kudhibitiwa na kinga ya mwili hudhoofika.

Athari hizo zimethibitishwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, watu 394 wenye afya njema walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa zaidi, ndivyo alivyokuwa katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika jimbo la Ohio, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995, uliwahusisha wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu. Kila mmoja alikatwa kidonda kidogo mkononi. Vidonda vyao vilichukua takribani siku tisa zaidi kupona kuliko vya wanawake wenzao wasiokuwa na mzigo huo wa uuguzi.

Je, mitishamba inaweza kusaidia?

Jibu la haki ni kwamba baadhi yake huenda ikasaidia, ila kwa kiasi. Mmea unaovuma zaidi ni ashwagandha, ambao umetumika nchini India kwa karne nyingi na ambao pia humea katika maeneo makavu ya Afrika, ikiwemo Kenya. Majaribio kadhaa yameonyesha kuwa unaweza kupunguza msongo na kiwango cha kortisoli. Hata hivyo, mengi ya majaribio hayo yaliwahusisha watu wachache na yalidumu kwa wiki chache tu. Hayaelezi yatakayomfika mtu anayeumeza mwaka mzima.

Aidha, kumeripotiwa visa vya watu walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Mmea huo pia unaweza kubadilisha kiwango cha homoni za tezi ya shingoni, na unaweza kuongeza nguvu za dawa za usingizi, za kisukari na za shinikizo la damu. Wanawake wajawazito wanashauriwa wasiutumie kabisa. Mnamo 2023, Denmark iliupiga marufuku.

Kava, mmea kutoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambao hutumiwa kupunguza wasiwasi, nao umehusishwa na madhara makubwa ya ini. Mwaka 2002, Ujerumani ilifuta vibali vya dawa zilizotengenezwa kwa kava, ingawa mahakama nchini humo ilibatilisha uamuzi huo mwaka 2014.

Mmea mwingine ni St John's wort, unaotumiwa kutuliza huzuni. Huu hulichochea ini kuvunjavunja dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Mnamo 2000, watafiti walibaini kwamba ulipunguza kwa zaidi ya nusu kiwango cha indinavir, dawa ya kukabili virusi vya Ukimwi, katika damu ya waliojitolea kwa jaribio hilo. Tahadhari hiyo inahusu pia dolutegravir, ambayo hutumiwa sana nchini Kenya, pamoja na baadhi ya tembe za kupanga uzazi. Mwanamke anaweza kumeza tembe zake kila siku bila kukosa, na bado akashika mimba asiyoitarajia.

Hata mzizi mtamu wa likorisi, unaotiwa katika chai na dawa nyingi za mitishamba, una hila yake. Katika figo mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuituliza kortisoli. Likorisi huzuia kimeng'enya hicho. Matokeo yake ni kwamba mwili hubakiza chumvi na maji, hupoteza madini ya potasiamu, na shinikizo la damu hupanda. Hivyo basi, mtu anayetafuta nafuu ya msongo anaweza kuyaongeza madhara yale yale aliyokuwa akiyakimbia.

Isitoshe, si kila kinachouzwa kama mmea huwa mmea mtupu. Watafiti waliochunguza bidhaa 70 za tiba ya jadi ya Kihindi zilizonunuliwa katika eneo la Boston, Marekani, waliripoti mwaka 2004 kwamba 14 kati yake zilikuwa na madini hatari kama vile risasi, zebaki au aseniki.

Haya yote hayamaanishi kwamba tiba za jadi ni za kupuuzwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inazitambua, na dawa kadhaa za hospitalini chimbuko lake ni mimea. Lakini kitu chenye uwezo wa kutibu kina uwezo wa kudhuru pia, na neno 'asili' lililoandikwa kwenye kopo si hakikisho la usalama.

Mtu anayetaka kutumia mitishamba anashauriwa kwanza amweleze daktari au mfamasia kila kitu anachomeza, ikiwemo chai na unga alionunua barabarani. Wagonjwa wengi hukaa kimya kwa kuogopa kukemewa, ilhali daktari asiyejua hawezi kukinga. Ni vyema hata kubeba kopo lenyewe hadi kliniki.

Pili, asiache wala kupunguza dawa alizoandikiwa kwa sababu tu anahisi nafuu. Shinikizo la damu halina kelele, na mtu anaweza kujihisi mzima huku mishipa yake ikiumia. Tatu, anunue bidhaa zilizosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Nne, macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi au mwili ukiwasha bila sababu, aache mitishamba hiyo mara moja na kufika hospitalini.

Kuhusu msongo wenyewe, mazoezi ya mara kwa mara, usingizi wa kutosha na kupunguza pombe husaidia mwili kurudi katika utulivu. Kuzungumza na mshauri nasaha, kiongozi wa dini au rafiki mwaminifu pia hupunguza mzigo. Zaidi ya yote, chanzo hakina budi kukabiliwa: mkopo ujadiliwe na aliyeutoa, ugomvi wa nyumbani usuluhishwe, kazi nyingi zigawanywe. Hakuna tembe inayolipa deni.

Na pale huzuni inapodumu kwa majuma, au mtu anapoanza kufikiria kujitoa uhai, hapo hapafai kungojea chai wala unga. Ni sharti atafutiwe msaada wa daktari bila kuchelewa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua.