Mzabibu katika nchi kavu: tafuta mnunuzi kabla ya kuchimba shimo



Kila mara mazungumzo yanapofika kwenye mazao yanayovumilia jua, kuna mtu huuliza: je, zabibu zinaweza kuota huku kwetu Kitui na Makueni? Jibu fupi ni ndiyo, mzabibu utaota. Lakini hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: zikiiva, zitakwenda wapi? Katika toleo hili tunaeleza mambo yote mawili. Tutaangalia watu wa sehemu mbili zenye jua ambao wametutangulia katika kazi hii: wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, na wale wa Dodoma, jirani zetu wa Tanzania.

MTI UNAOPENDA JUA

Mizizi ya mzabibu hushuka chini sana kutafuta maji, kwa hiyo mti mkubwa huvumilia kiangazi. Adui yake ni unyevu. Mvua ikikaa juu ya majani na vichala, ukungu huingia na mavuno huoza. Ndiyo sababu Languedoc, karibu na miji ya Montpellier, Béziers na Narbonne, imekuwa nchi ya divai kwa karne nyingi: majira yao ya joto ni makavu, na upepo mkali hukausha majani. Majira ya baridi mti hulala na majani huanguka. Huvuna mara moja kwa mwaka, kati ya Agosti na Oktoba.

Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Huko mizabibu ililetwa na wamisionari, na misheni ya Bihawana inajulikana kwa divai yake. Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,100 juu ya bahari, na hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa hali hiyo. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti, mkulima huulaza mwenyewe: hupunguza maji, kisha hupogoa, yaani hukata matawi. Mti huchipua, hutoa maua, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Kwa njia hiyo wakulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Hapa Kenya kuna mizabibu ya divai Naivasha, lakini Naivasha ni juu zaidi na kuna baridi kuliko kwetu. Kwa hiyo mwalimu wetu wa karibu ni Dodoma.

HESABU YA MVUA ZETU

Hata hivyo tusiige Dodoma bila kufikiri. Wao wana msimu mmoja wa mvua, halafu kiangazi kirefu. Sisi tuna misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Sasa tuhesabu pamoja. Ukipogoa mwanzoni mwa Juni, mvua ikiwa imekwisha, utavuna mwishoni mwa Septemba, kabla mvua nyingine haijaanza. Hayo ni mavuno mazuri. Ukipogoa mwanzoni mwa Oktoba ili uvune Februari, maua yatatoka wakati wa mvua, na hapo ukungu utakusumbua. Kwa hiyo kikundi kipange mapato yake kwa mavuno moja ya uhakika. Yale ya pili yakifaulu, ni ziada.

Lakini kupogoa Juni kuna jambo lake: zabibu zitakua wakati wa kiangazi, na mti mchanga unahitaji maji. Kikundi chenye bwawa la mchanga mtoni au kisima kisichokauka kinaweza kujaribu. Kikundi kinachobeba maji ya kunywa kwa punda kisianze.

KUPANDA NA KUTUNZA

Mzabibu hupandwa kwa vikonyo vya matawi yaliyokomaa, vyenye macho matatu au manne. Panda mahali pasipotuama maji. Jenga nguzo na waya ili matawi yatambae na hewa ipite. Angalieni mchwa, kwa sababu watakula nguzo na vikonyo pia. Ndege nao watafika kabla ya mnunuzi. Ukungu mweupe kama unga huzuiwa kwa unga wa salfa, dawa ambayo Wafaransa wameitumia tangu miaka ya 1850. Mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu hivi. Mti ukitunzwa utazaa miaka 30 na zaidi.

Msibebe vikonyo kwenye basi kutoka nchi nyingine. Mimea inayoingia nchini lazima iwe na kibali cha KEPHIS, na kuna sababu. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo sana anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa pamoja na miche kutoka Marekani. Alikula mizizi, akaharibu mashamba karibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha tawi la mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake inamvumilia. Ni kazi ileile tunayofanya na miche ya maembe.

JUISI INAVYOKUWA DIVAI

Zabibu za kula na zabibu za divai si aina moja. Za kula ni kubwa na ngozi yake ni laini. Za divai ni ndogo, zina sukari nyingi na ngozi ngumu. Dodoma hulima sana aina inayoitwa Makutupora nyekundu, na kwa divai nyeupe Chenin Blanc. Languedoc wana Grenache, Carignan na Syrah. Anayepanda bila kujua mnunuzi anataka aina gani atakuwa amepoteza miaka mitatu.

Zabibu hupondwa, na hamira hula sukari ya juisi na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Kwa divai nyekundu, ngozi huachwa ndani ya juisi, kwa maana rangi inatoka huko. Kwa divai nyeupe, juisi hukamuliwa kwanza na ngozi huondolewa. Mpaka hapo, mzee anayejua kaluvu ataona ni jambo analolifahamu.

Tofauti iko kwenye joto na usafi. Kuchachuka kwenyewe huleta joto. Likipita nyuzi 35, hamira huanza kufa na kazi husimama katikati. Kwa sababu hiyo watu wa nchi zenye joto huvuna usiku au alfajiri, na viwanda vyao vina mitambo ya kupoza matangi. Tena, joto jingi shambani hupunguza ule uchachu wa zabibu unaosaidia divai isiharibike. Baada ya kuchachuka, hewa ikiingia, divai huwa siki. Ile hewa inayotoka kwenye pipa nayo ni hatari: ikijaa chumba kilichofungwa, inaweza kuua mtu. Kwa kifupi, divai ya kuuza ni kazi ya kiwanda. Sufuria na jikoni havitoshi.

ZABIBU HAZINGOJI

Hapa ndipo penye shida kubwa. Mahindi makavu unaweza kuyaweka ghalani ukingoje bei. Zabibu zikishaiva zina siku chache tu, na zote huiva pamoja kwa kila mtu. Mnunuzi akijua hivyo, yeye ndiye anayetaja bei.

Languedoc walijifunza kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 divai ilikuwa nyingi mno, na tena kulikuwa na walaghai waliotengeneza divai kwa sukari na maji. Bei ikaanguka. Mwaka 1907 wakulima waliandamana, wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argelliers. Tarehe 9 Juni watu laki kadhaa walikusanyika Montpellier. Siku chache baadaye askari walipiga risasi Narbonne na watu wakafa. Mwezi huohuo serikali ilipitisha sheria ya kuzuia udanganyifu huo.

Lakini kijiji cha Maraussan kilikuwa kimeanza njia nyingine. Mwaka 1901 wakulima wadogo waliungana kuuza divai yao pamoja, moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya walaji mjini Paris, bila madalali. Mwaka 1905 walikuwa na ghala lao la kutengenezea divai. Mfano huo ulienea, na vyama vya namna hiyo viko kusini mwa Ufaransa hadi leo.

Dodoma nako, kiwanda cha DOWICO kilichokuwa mnunuzi mkubwa kilipodhoofika, wakulima wengi waliacha mizabibu yao. Viwanda vya watu binafsi vilikuja baadaye, lakini matangi yakijaa, bado kuna wakulima ambao zabibu zao huozea shambani. Sisi tunaijua shida hiyo kwa maembe: mti umejaa, broka anataja bei ya kutupa, na mama hana la kufanya. Ndiyo sababu kiwanda cha Kalamba huko Makueni, kilichoanza mwaka 2017, kilikuwa jambo kubwa kwa wakulima.

SHERIA NA DHAMIRI

Kutengeneza kileo cha kuuza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Kuna pia viwango vya KEBS na ushuru wa KRA. Wengine wanafikiri parokia zitanunua divai ya kikundi kwa ajili ya Misa. Kanisa Katoliki linataka divai hiyo iwe ya zabibu halisi na isiwe imeharibika, kwa hiyo haichukuliwi popote tu. Tena katika vikundi vyetu wako ndugu ambao kanisa lao haliruhusu pombe kabisa, na wako akina mama ambao pombe imewavunjia nyumba. Wasikilizwe kabla ya kura kupigwa. Zabibu za kula hazina mgogoro huo, na kikundi kinaweza kuanza nazo.

USHAURI WETU

Msipande ekari. Pandeni miti 20 kwenye shamba la kikundi, mwone maji, ukungu na ndege kwa misimu kadhaa. Wakati huohuo watu wawili waende kwenye hoteli, maduka na masoko ya Wote, Kitui na Machakos, waulize aina gani inatakiwa, kiasi gani, na mwezi gani. Mwethya uliojenga mabwawa na matuta ya fanya juu unaweza pia kuuza pamoja, kwa mizani moja na daftari moja.

Jadilini katika mkutano wenu:

1. Maji yetu ya Julai hadi Septemba yanatoka wapi, na nani atakosa tukiyatumia shambani?
2. Ni nani ameahidi kununua, na ameandika?
3. Tutakula nini miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza?
4. Wasiotaka pombe katika kikundi wamesema nini?

Mkiwa na majibu ya maswali hayo manne, chimbeni mashimo. Kama bado, jembe lipumzike kwanza.