Je, Wajua? Picha Laki Moja, Kisanduku Kimoja, Wambaa

Je, wajua kuwa picha moja ya simu iliyopigwa leo pwani ya Wambaa, Pemba, ingekaribia kuijaza diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa duniani? Hiyo ni RAMAC ya IBM, ya mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia la pilau, na uzito wa karibu tani nzima. Uwezo wake ulikuwa megabaiti 5 tu.

Je, wajua kuwa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki, za 1860 hadi 1960, Zanzibar ikiwamo? Kama zingekuwa picha za simu, karne hiyo yote ingeingia kwenye flashi ya gigabaiti 64 na nafasi ikabaki. Siku hizi mpiga picha wa harusi hufikisha idadi hiyo kwa harusi chache tu.

Picha laki moja za simu ni kama gigabaiti 400. Za kamera kubwa, zile ambazo hazijabanwa, huweza kufika megabaiti 40 kila moja. Mzamiaji akirudi kutoka kisiwa cha Misali na picha 500 za namna hiyo, amekuja na gigabaiti 20 kwa siku moja.

Je, wajua kuwa diski ya mtandao wa nyumbani haili bando? Ni kisanduku chenye diski moja, mbili au zaidi, kinachochomekwa kwenye ruta kwa waya. Simu na kompyuta za nyumba nzima hukifungua hata siku ambayo intaneti haipo. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, Tanzania nayo. Aliyeweka picha zake nyumbani aliendelea kuzitazama.

Na mambo ya harusi? Hapa ndipo kisanduku kinapopata kazi yake hasa. Picha za biharusi, za kupambwa kwake na za ukumbi wa wanawake si za kuonekana na kila mtu, na wapo wanaokataza simu mlangoni kwa sababu hiyo. Diski ya mtandao humpa kila mtu jina lake na nywila yake, ikaamuliwa nani afungue folda ipi. Shangazi anaona za ukumbini, kijana wa kiume haoni kitu. Kwa maoni yangu, hii ni sababu kubwa kuliko bei.

Je, wajua kuwa kamera nyingi huhesabu picha mpaka 9999, kisha zikaanza upya na 0001? Ukimwaga memori kadi zote kwenye folda moja, picha mbili zitagombea jina moja, na ukibonyeza "badilisha" bila kusoma, ya zamani imekwenda. Folda moja kwa kila shughuli, jina likianza na mwaka, mwezi na siku, humaliza ugomvi huo.

Je, wajua kuwa kamera haijui saa ya Kiswahili? Mtu aliyeseti kamera yake 2:00 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi ameirudisha nyuma saa sita. Simu hujiseti yenyewe. Zikichanganywa, picha za kamera za biharusi kupokewa saa kumi na moja jioni huandikwa 11:00, na nikaha iliyopigwa kwa simu saa saba mchana huandikwa 13:00. Kwenye diski, biharusi amepokewa kwa mumewe kabla hajaozeshwa!

Terabaiti moja kwa waya wa gigabiti huingia kisandukuni kwa saa mbili na nusu hivi. Kwa Wi-Fi dhaifu ya megabaiti 5 kwa sekunde, ikipenya kuta nene, ni zaidi ya saa 55. Nunua waya.

Je, wajua kuwa Pemba iliungwa na umeme wa bara mwaka 2010, kwa waya wa takriban kilomita 78 uliolazwa baharini kutoka Tanga, Norway ikigharamia sehemu kubwa? Kabla ya hapo yalikuwa majenereta ya dizeli. Kisanduku cha diski mbili hula kama wati 20, yaani uniti 14 hivi za umeme wa Tukuza kwa mwezi kikiwashwa usiku na mchana. Hatari ni umeme kukatika faili likiwa katikati ya kuandikwa. UPS ndogo iliyounganishwa kwa waya wa USB hukiambia kisanduku kijizime chenyewe kwa salama.

Diski mbili zinazoandika kitu kilekile ni utaratibu wa RAID, jina walilolitoa David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko la 1988. Diski moja ikifa, ya pili inaendelea. Lakini mtoto akifuta folda, imefutwa kote kuwili kwa sekunde ileile. Wauzaji hawapendi kulisema hili.

Je, wajua kuwa Juni 2021 wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa kupitia intaneti? Januari 2022 ikawa zamu ya QNAP: virusi vya Deadbolt vilifunga mafaili na kudai bitcoin 0.03. Usikifungulie kisanduku mlango wa nje usipokuwa na haja.

Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, 1 ikiwa mbali. Kwa mtu wa Wambaa, mbali ni kwa dada Unguja au kwa ami Maskat, diski ikiwa imefungwa kwa nywila. Kupakia terabaiti moja kwa kasi ya megabiti 5 ni siku 18 na ushei. Boti ya Mkoani hata ikichelewa itakuwa imefika. Mwaka 2009, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba gigabaiti 4 kutoka Howick hadi Durban. Data yote ilipokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, laini ya intaneti ilikuwa imepeleka asilimia 4.

Je, wajua kuwa 1998 amri moja ya kufuta iliila sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 huko Pixar, na nakala rudufu ya ofisini ikakutwa mbovu? Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga, alikuwa na nakala yake. Kompyuta ilifungwa mablanketi, ikarudishwa studio kwa gari, na filamu ikatoka Novemba 1999.